Mume wangu anataka gari dogo, mimi naogopa kilomita kumi na moja za mwisho

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia zikiwa zimebaki wiki tano tusafiri. Mimi na mume wangu tumepanga likizo ya siku nane mashambani, pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine minne, na mama mkwe wangu mwenye miaka 71, ambaye alifanyiwa upasuaji wa goti na bado hawezi kulikunja vizuri. Nyumba ya kupanga tumeshailipia. Iko juu milimani, kilomita 420 kutoka tunakoishi, na mwenye nyumba ametuandikia kwamba kilomita 11 za mwisho hazina lami. Ni changarawe, ni mlima, na kuna mahali kijito hukatiza barabara mvua ikinyesha. Basi halifiki huko. Lazima tukodi gari, na gari hilo ndilo linalotugombanisha.

Miaka miwili iliyopita tulifanya safari ya namna hii. Siku ya kuchukua gari tuliuliza kama lina bima, tukaambiwa lina bima kamili, tukatia sahihi, tukaondoka. Siku ya tatu jiwe lilichana ubavu wa tairi la nyuma, tukanunua jingine njiani. Siku ya kurudisha, kijana wa kampuni alipiga magoti, akawasha tochi ya simu, akapitisha kidole chini ya bampa ya mbele na kusema kuna mkwaruzo. Mume wangu akaapa kwamba aliukuta. Hatukuwa na picha hata moja. Tulitozwa mkwaruzo, tukatozwa tairi kwa sababu tulilonunua halikufanana na mengine, na juu yake tukatozwa kitu walichokiita gharama za ushughulikiaji. Ile amana waliyoizuia kwenye kadi ilichukua wiki tatu kuachiliwa, ikarudi pungufu.

Tangu siku ile mume wangu ana msimamo mmoja: bima ni fedha ya kutupa. Safari hii anataka gari dogo kuliko yote, la bei ya chini kuliko yote, bila kuongeza bima yoyote. Anataka tuondoke Ijumaa akitoka kazini, aendeshe usiku kucha, tufike alfajiri ili tusipoteze siku. Na anataka aendeshe peke yake, kwa kuwa kuandikisha dereva wa pili kunalipiwa. Mimi nina leseni mwaka wa 11 sasa, ingawa nimezoea gari la gia otomatiki.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Safari ile, tukirudi usiku, nilisikia magurudumu ya upande wangu yakianza kusaga kokoto za ukingoni. Nikamtazama, kichwa kilikuwa kimemwinamia. Nikamgusa bega kana kwamba nataka kumuuliza kitu, akashtuka, akalirudisha gari barabarani. Watoto walikuwa wamelala nyuma. Hatukulizungumza tena.

Mume wangu ni mtu mwema na anahangaikia fedha kwa ajili yetu. Sitaki kumfedhehesha. Naomba unieleze: tunahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne? Bima tuinunue au tuiache? Au niseme safari ife, tupoteze tulichokwisha kulipa?

Abiria wa Kiti cha Mbele

* * *

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo ya gari na bima, na nitayajibu yote. Lakini siwezi kuyagusa kabla ya zile kokoto za ukingoni ulizozisikia wewe peke yako. Hizo ndizo zilizonifanya niishike barua yako kabla ya nyingine zote. Miaka miwili umelibeba jambo ambalo mwenye kulihitaji zaidi, yaani mume wako, hana habari nalo. Mwambie. Usimwambie mbele ya mama yake, wala usimwambie siku mnapobishania bei, maana atalisikia kama silaha. Mtafutie jioni ambayo watoto wamelala, umwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi: nilisikia kokoto, nikakutazama, nikaogopa, nikanyamaza. Hapo hakuna fedheha. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa halafu akashika usukani usiku husinzia kwa sababu mwili umechoka. Ingetokea hata kwa dereva aliyebobea.

Na akikuuliza sekunde mbili tatu zina ubaya gani, mfanyieni hesabu pamoja. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za usingizi ni mita 66 ambazo gari limekwenda bila dereva. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinakadiria kwamba kwa mwendo huo gari linahitaji mita 53 kusimama, na hapo dereva yuko macho na lami ni kavu. Ukiwa umeinamisha taa, unachokiona vizuri mbele yako mara nyingi hakifiki hata umbali huo. Mashambani kuna mnyama anayelala barabarani kwa kuwa lami ina joto, kuna trekta lisilo na taa ya nyuma, kuna mtu anayetembea na nguo nyeusi. Ndiyo maana nchini Australia baadhi ya mikataba ya magari ya kukodi humkataza mteja kuendesha usiku nje ya miji, kwa sababu ya wanyama. Aendeshaye usiku akagonga mnyama hasara yote ni yake. Soma mkataba wenu kama una kifungu cha namna hiyo.

Halafu fikiria mpango wenyewe ulivyo. Akitoka kazini Ijumaa, akaendesha usiku kucha, zile kilomita 11 ngumu kuliko zote atazikuta mwisho, saa ambayo usingizi una nguvu kuliko saa nyingine yoyote. Siku mnayodhani mmeiokoa mtailala. Ondokeni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Pumzikeni dakika 15 kila baada ya saa mbili, watoto wakimbie, mama anyooshe goti. Saa nane au saa tisa mchana mtakuwa mwanzo wa changarawe, jua bado lipo, na kila shimo mnaliona.

Sasa dereva wa pili. Katika gharama zote za kukodi gari, hii ndiyo ningeilipa ya kwanza kabla hata sijachagua rangi ya gari. Jina lako likiwa kwenye mkataba, mnagawana kilomita 420. Jina lako likikosekana, mume wako akazidiwa, ukamwonea huruma ukashika usukani, basi kuanzia dakika ile gari halina bima. Ukiligonga, hata kama kosa si lako, kampuni ina haki ya kuwadai hasara nzima. Kuna kampuni zisizotoza ada hiyo kwa mwenzi wa ndoa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Siku ya kuchukua gari nendeni wote wawili na leseni halisi, si nakala, kwa sababu asiyefika kwa kawaida haandikishwi. Na kwa kuwa umezoea otomatiki, agizeni otomatiki mapema. Magari madogo ya bei ya chini katika nchi nyingi huwa ya gia za mkono, na mlima wa changarawe si mahali pa kujifunza klachi.

Nije kwenye gari. Mwanangu, ninyi mmeanza na gari, halafu mnaipeleka barabara ilifuate. Anzeni na barabara. Mwandikie mwenye nyumba leo hii, umwulize: gari la kawaida la mjini hupanda hapo? Hupanda na mvua ikiwa imenyesha jana? Kijito kikijaa, maji hufika wapi kwenye gurudumu, na huchukua muda gani kupungua? Mwombe picha ya mahali pabaya kuliko pote, na mtu au gari liwe kwenye picha ili mjue kipimo. Swali ninalolipenda zaidi ni hili: anayewaletea gesi au mahitaji mengine huja na gari gani? Jibu lake huwa la kweli kuliko tangazo lolote la nyumba.

Akisema gari dogo la kawaida hupanda kila siku, basi mume wako yuko sahihi kwamba hamhitaji gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu manne, na fedha hiyo msiitupe. Watu wengi hulichukua gari la namna hiyo wakidhani litawaokoa na kila kitu. Linasaidia kusukuma gari lisiteleze likipanda au likianza kwenda. Kusimama, linasimama kama magari mengine. Kwenye changarawe linaserereka vilevile, na kwa uzito wake pengine litaserereka mbali zaidi. Kinachohitajika kwenye barabara mbovu iliyo kavu mara nyingi ni kimo, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Gari la chini hugusa jiwe kwa sampo, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini, au kwa bomba la moshi, na hapo ndipo safari huishia. Kwa hiyo kama jibu la mwenye nyumba ni la katikati, tafuteni gari la kawaida lililoinuka. Na lipateni kwa maandishi. Kampuni nyingi huonyesha picha ya gari moja na kuandika pembeni "au linalofanana nalo". Kinachofanana kwao ni idadi ya viti na milango, kimo hakimo.

Lakini hata kabla ya barabara, gari dogo kuliko yote lina kasoro nyingine, na hii mtaipima nyumbani kwa futi ya fundi. Mna kiti cha mtoto wa miaka minne, na yule wa miaka tisa huenda bado anahitaji kiti cha kumnyanyua ili mkanda umpite begani badala ya shingoni. Uingereza, kwa mfano, sheria hudai hivyo mpaka mtoto afikishe urefu wa sentimita 135 au miaka 12. Vipange viti hivyo viwili kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo uone kinachobaki katikati. Kinabaki kipande ambacho mtu mzima hukikalia kwa upande mmoja wa kiuno, magoti yamepanda kifuani. Mmoja wenu, ama wewe ama mama, atakaa hapo kwa kilomita 420. Mwonyeshe mume wako vipimo hivyo. Sidhani mtabishana tena. Na mabegi ya watu watano kwa siku nane hayaingii kwenye buti lile. Yatawekwa miguuni, pale pale mama anapohitaji kunyoosha mguu.

Sasa bima, mahali mlipoumizwa. Hasira ya mume wako ina haki yake, ila hitimisho lake litawagharimu. Kile mlichoambiwa ni "bima kamili" karibu kila mahali ni ahadi yenye mipaka miwili. Mpaka wa kwanza: hasara ikitokea, kuna kiasi cha kwanza mnachokibeba wenyewe, na bima huanza kulipa juu ya hapo. Ile amana inayozuiwa kwenye kadi kwa kawaida ni kwa ajili ya kiasi hicho. Mpaka wa pili ni orodha ya sehemu za gari ambazo ahadi haizigusi. Mara nyingi orodha hiyo inasema matairi, rimu, vioo, paa, chini ya gari, funguo zilizopotea, na mafuta yasiyo sahihi yaliyotiwa kwenye tangi. Isome tena taratibu, halafu ifikirie changarawe. Jiwe la changarawe linapiga nini? Tairi, kioo cha mbele na chini ya gari. Mlitembea siku nzima juu ya orodha ya vitu visivyokatiwa bima, na aliyewakodisha gari hakuwaambia kwa sababu hakujua mnakwenda wapi, wala ninyi hamkumwambia.

Kwa hiyo mwambieni. Wapigieni simu, halafu andikeni barua pepe ili jibu libaki: tunakwenda mahali fulani, kilomita 11 hazina lami, je, mkataba unaturuhusu? Mikataba mingi hutofautisha barabara ya changarawe inayotunzwa na mamlaka na njia tu ya kuelekea shambani, na tofauti hiyo ndiyo huamua nani alipe. Wengine huzitaja barabara kwa majina. Nyuzilandi kuna barabara ya Skippers karibu na Queenstown, ambako bima za magari ya kukodi kwa kawaida haziwafuati wateja. Aisilandi, barabara za milimani zenye herufi F mbele ya namba zimekatazwa kwa gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, na hata mwenye gari linaloruhusiwa akivuka mto likaingiwa maji, hasara kwa kawaida ni yake. Ninyi hamwendi huko, lakini mantiki ni ileile kila mahali: mkataba hulinda njia ulizoruhusu wenyewe. Wakiwajibu kwamba hamruhusiwi, shukuruni mmejua mapema, mtafute kampuni nyingine. Wiki tano zinatosha.

Wakisema mnaruhusiwa, ushauri wangu ni huu. Nunueni nyongeza inayokinga matairi, vioo na chini ya gari, hata kama mtaacha nyongeza nyingine zote watakazowatajia mezani. Nyongeza ya mizigo, ya ajali za abiria, ya hiki na kile, angalieni kwanza kama bima mlizonazo tayari hazizigusi. Kuna njia nyingine pia: bima ya nje, isiyo ya kampuni ya gari, inayolipa kile kiasi cha kwanza. Mara nyingi ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba kampuni bado itazuia amana yote kwenye kadi yenu, na likitokea la kutokea mtalipa kwanza, halafu mdai mrudishiwe kwa risiti na picha. Kama kadi yenu haina nafasi ya amana kubwa, hiyo haiwafai. Hapo hapo hakikisheni kadi ni ya dereva mkuu kwa jina, na ni ya aina wanayoikubali. Wengi huikataa kadi ya akaunti ya kawaida, na familia hubaki na mabegi yake mbele ya meza.

Siku ya kuchukua gari, tengeni nusu saa na msikubali kuharakishwa. Kijana yule wa mwisho alipiga magoti na tochi. Safari hii pigeni magoti ninyi kwanza. Chukueni video moja isiyokatika: anza na sahani ya namba, zunguka polepole, kila rimu, kila kona ya kioo, paa, halafu teremsha simu chini ya bampa ya mbele na ya nyuma. Malizia kwenye dashibodi, kilomita na mshale wa mafuta vionekane. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye karatasi yao, na wao watie sahihi. Wakisema "huo mdogo hauhesabiki", wajibuni kwa upole kwamba basi kuuandika hakuna ubaya.

Matairi yana lao. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake kuna tarakimu nne: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijituta vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukikaribia kusawazika navyo, umebaki na milimita 1.6, ambayo ndiyo kiwango cha mwisho kisheria katika nchi za Ulaya. Kwa changarawe msiikubali tairi iliyofika hapo. Ombeni gari jingine.

Halafu fungueni buti. Nina sababu ya kulisisitiza hili. Nilikodi gari mwaka fulani, tairi likapasuka kwenye barabara ya vumbi, saa kumi alasiri, hakuna gari linalopita. Nikainua mkeka wa buti. Tairi la akiba lilikuwepo, lina upepo, jeki ipo, spana ipo. Nikalegeza nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa ya duara, laini, haina pembe za kushikwa na spana. Ilikuwa nati ya kufuli, inayofunguliwa kwa kichwa chake maalumu tu, na kichwa hicho hakikuwa kwenye gari. Tulilala humo ndani, mimi, mke wangu na mtoto aliyekuwa na homa, mpaka asubuhi lilipopita lori la maziwa. Mpaka leo siwashi gari la kukodi kabla sijakishika kichwa kile mkononi. Mara nyingi hukaa kwenye kasha la dashibodi au kwenye kikapu cha jeki. Magari mengine ya siku hizi hayana tairi la akiba kabisa; yana chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi huziba tundu la msumari. Ubavu uliochanika, kama wenu ule, haiuzibi. Ombeni gari lenye tairi la akiba, na likiwa lile jembamba la dharura, mkumbuke halistahili kuzidi kilomita 80 kwa saa. Na kabla ya kutoka, ulizeni ni petroli au dizeli. Mkija kukosea kituoni, msiwashe injini.

Kwenye changarawe yenyewe, punguzeni mwendo kabla ya kuingia. Mkikutana na vile vituta vidogo vya mfululizo kama mgongo wa bati, gari linatetemeka na magurudumu hayashiki ardhi sawasawa, kwa hiyo breki na usukani vyote vinapungua nguvu. Kona ipunguzieni mwendo kabla yake, si ndani yake. Gari likija mbele yenu, sogeeni pembeni mapema na mwende polepole. Mawe yanayovunja vioo hurushwa na mwendo wa magari mawili ukijumlishwa. Ukifuata gari, liache mpaka vumbi lake litulie.

Kijito kikiwa kimejaa, geuzeni. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huonya kwamba maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kulibeba gari dogo, na sentimita 60 hubeba hata magari makubwa. Bima karibu zote hukataa uharibifu wa maji ya namna hiyo. Mwulizeni mwenye nyumba sasa hivi wapi pa kulala karibu na lami ikitokea hivyo, mweke namba yao kwenye simu. Pakueni na ramani ya eneo lote, kwa kuwa milimani mtandao hupotea, na msiifuate ramani ikiwaonyesha njia ya mkato ambayo mwenye nyumba hakuitaja.

Kurudisha ni kufupi. Jazeni tangi kituo cha karibu, tunzeni risiti, gari lioshwe ili mikwaruzo ionekane kama ipo, mfike saa za kazi, mzunguke na mfanyakazi wao mkiwa na ile video ya kwanza, na mwondoke na karatasi iliyotiwa sahihi. Mkiacha funguo kwenye kisanduku usiku, yatakayoonekana asubuhi mtaambiwa ni yenu.

Safari isife. Mmeshalipa nyumba, na mama mwenye miaka 71 aliyekubali kupanda mlima na goti lile anaitaka safari hiyo kuliko anavyosema. Kesho mwandikie mwenye nyumba. Keshokutwa zungumza na mume wako, kwanza usingizi, halafu futi ya fundi. Na Jumamosi ile, mkifika kituo cha pili cha kupumzika, pokea funguo wewe. Kile kiti cha mbele ulichojiandikia jina lake mpe mama mkwe. Kisukume nyuma mpaka mwisho kabla hajaingia, atangulize makalio, halafu umshikie mguu taratibu augeuze bila kulikunja goti.